Diski imetoka imeenda wapi? Jibu kwa dada wa Morogoro mwenye L4/L5

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 34, nina mtoto wa mwaka na nusu niliyempata kwa upasuaji. Tangu mwezi wa pili kiuno kinauma, alafu maumivu yanashuka tako la kushoto mpaka mguuni, dole gumba la mguu kama limekufa ganzi. Nimepiga MRI wameandika diski za L4/L5 na L5/S1 zimetoka, na pingili zimesagika. Nyumbani wanasema ni ile sindano ya mgongo ya upasuaji, na kuna mama anakanda amesema anaweza kuirudisha diski. Mimi hata hiyo L sielewi ni nini. Diski imetoka imeenda wapi? Na je nitapooza?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Maumivu ya kushuka mguuni sio mchezo, nimeona wanaume wazima wanalia mbele yangu kwa sababu hiyo. Niseme kabisa mimi ni mtu wa fiziotherapia, miaka mingi nimeshinda na migongo ya watu, siyo daktari wa upasuaji, na wewe sijakushika kwa mikono yangu, kwahiyo jibu hili halichukui nafasi ya aliyekupima. Ila hilo swali la diski imeenda wapi limenigusa, maana karibu kila mtu anatoka na bahasha yake ya MRI (ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku) bila kujibiwa hilo. Mtu anaambiwa diski imetoka, anarudi nyumbani kashika kiuno anatembea polepole akiamini kuna kitu kimedondoka ndani yake na akikosea hatua moja kitadondoka zaidi. Ukijua mgongo wa chini umejengwaje hofu kubwa inaondoka, na usipojua mtu yeyote anaweza kukuuzia chochote.

Tuanze na jina lenyewe maana linatuchanganya. Kwa Kiswahili tunasema "uti wa mgongo" kwa vitu viwili tofauti: ile mifupa iliyopangana, na ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa, ambayo vitabu vya shule vinaiita ugwe mgongo. Kwahiyo mtu akisikia "uti wa mgongo una tatizo" anawaza kamba imekatika na kupooza ni kesho. Hapa nikisema pingili namaanisha mifupa, nikisema ugwe namaanisha kamba. Na pingili ni neno zuri sana kwakweli, wazee waliolitoa kwenye muwa waliona mbali, ni vipande vilivyoungana kimoja juu ya kingine na kila kiungo kina pete yake.

Pingili kwa jumla ni 33. Shingo ina 7, kifua kina 12 ambazo ndo zinashika mbavu, kiuno kina 5, alafu 5 nyingine zimeungana zikawa mfupa mmoja wa pembetatu katikati ya makalio unaoitwa sakramu (kwa Kilatini maana yake mfupa mtakatifu), na mwisho kabisa ni kifandugu, vipande kawaida 4 vidogo, ndo kile kinachokuuma ukianguka chali kwa makalio. Sasa hiyo L ni herufi ya kwanza ya neno la Kilatini la kiuno. L1 ndo ya juu kabisa chini ya kifua, L5 ndo ya mwisho, S1 ni pingili ya kwanza ya sakramu. Kwahiyo L4/L5 siyo ugonjwa wala siyo kiwango cha ubaya, watu wengi wanadhani ni kama gredi, kwamba mwenye L5 kaumwa kuliko mwenye L3. Hapana. Ni anwani tu, inamaanisha diski iliyoko kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno.

Jitafute mwenyewe sasa hivi. Simama ujishike kiuno kwa mikono miwili, vile mama anavyosimama mlangoni akimsubiri mtoto mtundu, vidole vikae juu ya ile mifupa ya nyonga pembeni alafu dole gumba zote mbili zielekee nyuma zikutane katikati. Hapo zinapokutana ni karibu na L4 au nafasi ya kati ya L4 na L5. Chini zaidi kuna vishimo viwili, kimoja kila upande juu ya makalio, hapo tayari uko kwenye sakramu, usawa wa S2. Kumbe basi mgongo unaoitwa wa chini ni sehemu fupi tu. Na uone figo ziko wapi: ziko juu kuliko hapo, usawa wa pingili ya mwisho ya kifua mpaka L3 hivi, zimejificha chini ya mbavu za mwisho. Nalisema hili kwasababu watu wengi wakiumwa pale kwenye L5 wanasema "figo linaniuma" wanakunywa dawa za figo miezi, wakati figo lenyewe haliko hata karibu.

Pingili moja ya kiuno ina sehemu ya mbele na ya nyuma. Mbele ni kama ngoma fupi ya mfupa, nene, ndo inabeba uzito, na kadri unavyoshuka ngoma inakuwa kubwa zaidi maana L5 inabeba kila kitu kilichoko juu yake, kichwa, mikono, mtoto uliyembeba, na ndoo ya maji kama iko kichwani. Nyuma ya ngoma kuna pete, na zile pete zikipangana zinatengeneza mfereji ambao neva zinapita. Nyuma kabisa ya pete kuna mwiba, ndo zile nundu unazozihisi ukipitisha mkono katikati ya mgongo. Watu wengi wanadhani zile nundu ndo uti wenyewe. Zile ni ncha tu, ngoma na diski ziko ndani sana, sentimita kadhaa mbele ya hapo unapogusa, na hili ulikumbuke tutalirudia kwenye habari ya mama anayekanda.

Kila pingili inaungana na mwenzake kwa nyuma kwa viungo viwili vidogo, kulia na kushoto. Vya kiuno vimesimama wima vikiangaliana, kwahiyo vinaruhusu kuinama na kunyooka lakini vinazuia kujisokota, kila pingili inazunguka digrii chache mno. Ukigeuka kuangalia nyuma wanaofanya kazi kubwa ni kifua na nyonga. Hata wanaokata kiuno kwenye ngoma, ukiangalia vizuri ni nyonga zinacheza na mgongo unajikunja mbele, nyuma na pembeni, haujisokoti kama unavyodhani. Alafu L5 yenyewe haikukaa mahali tambarare, sakramu imeinama kwa mbele kama paa, kwahiyo L5 muda wote inavutwa iteleze kwenda mbele na hivyo viungo vidogo pamoja na kano ndo vinaishikilia. Ndo maana shida nyingi za kiuno ziko hizi ghorofa mbili za chini, wewe sio wa peke yako.

Sasa diski. Hapa naomba usome taratibu.

Diski iko kati ya ngoma na ngoma, unene karibu sentimita moja. Ina sehemu mbili. Nje ni pete ngumu ya nyuzi, tabaka kati ya 15 na 25 zimezungukana kama maganda ya kitunguu, na nyuzi za tabaka moja zinalala kwenda kulia, za tabaka linalofuata zinalala kwenda kushoto, zinapishana vilevile kama ukili unavyosukwa kwa ajili ya mkeka, ndo maana ni imara kiasi kile. Katikati kuna ute mzito, kijana anapokuwa na afya ute huo karibu wote ni maji yaliyoshikwa ndani, fikiria ute wa bamia lakini mzito zaidi. Ukisimama uzito unaukandamiza ute, ute unasukuma pete pande zote, pete inavutika kidogo, mzigo unagawanyika. Usiku ukilala diski zinanyonya maji zinajaa tena, ndo maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni, sentimita 1 mpaka 2, jipime ukutani na kalamu utaona. Na ndo maana wenye shida ya diski wengi asubuhi na mapema kuinama kunawauma zaidi, diski imejaa maji, imekaza.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi: diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani. Inakula kwa kunyonya kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini kupitia kisahani chembamba cha gegedu, na inafanya hivyo pale inapokandamizwa na kuachiwa, kama dodoki unavyolikamua likitoa povu alafu ukiliachia linanyonya. Maana yake kutembea ni chakula cha diski. Ukilala kitandani wiki tatu kwa kuogopa, unainyima. Na kwakuwa haina damu, kupona kwake ni kwa polepole, siyo kama kidonda cha mkononi, kwahiyo usikate tamaa ukiona wiki mbili zimepita.

"Pingili zimesagika." Hili neno nalichukia kwakweli. Hakuna kilichosagwa. Kinachotokea ni kwamba kadri miaka inavyokwenda ute unapoteza maji, diski inapungua kimo, kwenye picha ya MRI inaonekana nyeusi badala ya nyeupe, na kingo za mfupa zinaweza kuota vijipembe. Hiyo ni kama mvi. Mwaka 2015 jarida moja la Marekani la madaktari wa picha za neva lilitoa uchambuzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 ambao HAWAKUWA na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta hata wa miaka 20, asilimia 37 diski zao zimeshaanza kuchakaa na asilimia 30 zimetuna, na wakifika miaka 80 waliochakaa ni asilimia 96. Watu wazima kabisa, hawaumwi popote. Kwahiyo neno hilo kwenye ripoti yako peke yake halinitishi, nisingelitumia kukuhukumu. Kinachonipa mimi taarifa ni mguu wako, nakuja huko.

"Imetoka." Diski siyo sahani iliyowekwa kati ya sahani mbili ikaponyoka. Imeshikana na mfupa wa juu na wa chini, nyuzi zake zimezama ndani ya mfupa, haitoki nzima hata kidogo. Kinachotokea kina hatua. Ya kwanza pete inatuna tu kwa ujumla, kama tairi lililopungua upepo, na hii kwangu siyo hata habari. Ya pili sehemu moja ya pete imedhoofika, ute unaisukuma inachomoza kama kidole ndani ya puto. Ya tatu pete imepasuka na ute umetoka nje ya pete ila bado umeungana na kwao. Ya nne kipande kimemeguka kabisa kimekaa peke yake kwenye mfereji. Yote manne Kiswahili cha hospitali kinasema "diski imetoka", ndo tatizo! Naomba ukirudi kwa daktari umuulize yako ni ipi kati ya hizi, una haki ya kujua.

Kwahiyo imeenda wapi? Imeenda nyuma na pembeni, milimita chache. Nyuma ya ngoma za pingili kuna utepe mrefu wa kano unaoshuka toka shingoni, lakini ukifika kiunoni unakuwa mwembamba, unalinda katikati tu na kuacha pembeni wazi, kwahiyo ute ukitafuta njia unapitia pale pembeni, na bahati mbaya hapohapo pembeni ndo neva inapita. Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wakifungua migongo walikuwa wanakuta vile vinyama wanadhani ni uvimbe wa gegedu uliojiotea. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, ndo waliandika wakaonyesha kwamba ni diski hizohizo, na kwamba zinaweza kuwa chanzo cha maumivu ya mguuni. 

Sasa twende kwenye kupooza, maana najua hili ndo linakunyima usingizi. Ugwe, ile kamba kubwa ya neva kutoka kwenye ubongo, haufiki chini mpaka mwisho. Kwa mtu mzima unaishia usawa wa L1 na L2. Mtoto anapozaliwa unafika chini kidogo zaidi, alafu mifupa inakua haraka kuliko ugwe, unabaki juu. Kuanzia pale chini hakuna kamba tena, kuna neva moja moja nyingi zinaning'inia ndani ya maji, madaktari wameziita mkia wa farasi, sisi tungesema usinga, ule wa kufukuzia nzi, ndivyo zilivyo hasa. Diski zako ni L4/L5 na L5/S1, ziko chini ya mwisho wa ugwe. Haziwezi kukata ugwe kwasababu ugwe haupo pale. Zinaweza kubana uzi mmoja wa usinga, ndo kinachokupata. Hatari ipo moja na nitaisema hapo chini bila kuficha, ila siyo hii uliyotishwa nayo.

Neva inayobanwa ni ipi? Hapa utamu. Fikiria usinga unashuka kama daladala, na katika kila kituo abiria wawili wanashuka, mmoja kulia mmoja kushoto. Anayeshuka kituo kinachofuata anakuwa ameshasogea mlangoni. Kwenye kituo cha L4/L5, neva ya L4 imeshatoka kwa juu kidogo kabla diski haijafika, imepona. Aliyesogea mlangoni ni L5, anajiandaa kushuka chini yake, kwahiyo diski ya L4/L5 ikichomoza inamgusa yeye. Vivyo hivyo diski ya L5/S1 inagusa neva ya S1. Na kila neva ina eneo lake mguuni. L4 inakuja mbele ya paja na upande wa ndani wa ugoko. L5 inapita tako, nje ya paja na mguu, inakuja juu ya unyayo mpaka dole gumba, na ndo inayoinua dole gumba juu. S1 inapita nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, kisigino na upande wa kidole kidogo, ndo inayokusaidia kusimama kwa ncha za vidole.

Wewe umesema dole gumba. Kwahiyo kwa maneno yako mwenyewe, kabla hata sijaiona MRI, ningeelekeza kidole kwa L5, yaani diski ya L4/L5 ndo mshukiwa, na ile ya L5/S1 yawezekana imeandikwa tu kwasababu ilionekana, haina kosa. Unaona sasa kwanini nasema mguu una taarifa kuliko karatasi. Neva hizi za L4 mpaka S3 zinaungana kwenye tako zinakuwa neva moja kubwa kuliko zote mwilini, nene kama kidole, inashuka nyuma ya paja. Ndo hiyo wanaiita sayatika. Sayatika siyo jina la ugonjwa, ni jina la njia ambayo maumivu yanapita.

Sindano ya upasuaji. Naelewa kwanini familia inailaumu maana ulichomwa mgongoni na sasa unaumwa mgongoni, mtu yeyote angeunganisha. Lakini angalia ramani. Waliokuchoma walichagua chini ya L2 kwa makusudi, kawaida kati ya L3 na L4 au L4 na L5, ili wawe chini ya ugwe, na walipata mahali kwa njia ileile ya kushika nyonga niliyokuonyesha. Sindano ni nyembamba, karibu nusu milimita, inapita ngozi, inapita kano kati ya mwiba na mwiba, inapita utando, inafika kwenye maji ambayo usinga unaelea na hapo inasimama, ganzi inamwagwa. Diski iko mbele ya hayo maji, upande wa pili, sindano haina kazi huko. Sehemu iliyochomwa inaweza kuuma siku kadhaa, na kichwa kinaweza kuuma, hayo yanajulikana. Ila tafiti zilizofuatilia kina mama waliochomwa ganzi ya mgongoni wakati wa kujifungua na wasiochomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kilichokuchosha ni ujauzito wenyewe na yaliyofuata: homoni zililegeza kano za nyonga, misuli ya tumbo ilivutika miezi tisa, alafu mwaka na nusu wa kuinama kumnyanyua mtoto, kumbeba upande mmoja, kufua umekunja mgongo, kunyonyesha umejikunja usiku. Ukija mtoto mwingine wakashauri sindano hiyo, tafadhali usiikimbie ukaomba nusu kaputi kwa sababu ya maneno haya.

Na misuli nisiiruke. Kandokando ya miiba kuna misuli mirefu unayoihisi ikikaza kama kamba, ndani yake kuna mifupi inayoshika pingili moja moja, na mbele kwa ndani kabisa, pande zote mbili za ngoma, kuna msuli mnene unaotoka kiunoni mpaka paja. Ukienda buchani ukanunua fileti, ndo huo, wa ng'ombe. Ile mifupi ya ndani ina tabia ya kusinyaa upande unaouma, na maumivu yakiisha haijirudii yenyewe kwa wengi, ndo maana tunawapa mazoezi hata mtu akisema nimepona.

Sasa mama anayekanda. Mikono yake ikigusa mgongo wako inagusa ngozi, mafuta, misuli na ncha za miiba. Diski iko mbele ya yote hayo, na kipande kilichochomoza kimeelekea nyuma, yaani kinamuangalia yeye, akisukuma kutoka nyuma anasukuma pete za mfupa tu. Hakuna mkono unaofika. Akikanda taratibu kwa mafuta ya moto misuli ikalegea ukapata nafuu ya siku moja, sina ugomvi naye, nafuu ni nafuu. Ila kukanyagwa mgongo, kuvutwa mguu mpaka mlio utoke, kukalishwa mtu juu ya kiuno, hapana, nakuomba kabisa. Nilishawahi kumpokea kijana aliyekanyagwa mgongo na ndugu zake kwa nia njema, kumbe pingili ilikuwa inaliwa na TB, ikaporomoka. TB ya mgongo Percivall Pott aliiandika London mwaka 1779 na kwetu bado ipo, kwahiyo mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, au mfupa umeanza kuchomoza nyuma kama kibiongo, huo siyo wa kukandwa, ni wa kupimwa, na dawa zake ni bure.

Kinachoirudisha diski ni mwili wenyewe, na hii ndo sehemu ninayopenda kuliko zote. Ute ukishatoka nje ya pete, chembe za ulinzi za mwili zinauona kama mgeni, mishipa midogo ya damu inaota kuuzunguka, zinaanza kuula. Kidogo kidogo kipande kinasinyaa. Na cha kushangaza, vile vikubwa vilivyopasuka na kumeguka ndo vinasinyaa zaidi kuliko vile vilivyotuna tu, maana damu inavifikia. Ule moto wa kwenye neva siku za mwanzo sehemu yake ni huo ugomvi, siyo kubanwa peke yake. Ndo maana watu wengi wa aina yako wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu. Wewe umeshapita miezi kadhaa kwahiyo nataka urudi ukaangaliwe upya, siyo kwa kutishika, ila kuna wachache ambao upasuaji unawasaidia hasa maumivu ya mguu, na uamuzi huo ufanywe na daktari wa mifupa au wa neva akiwa amekupima nguvu za mguu.

Ile hatari niliyoahidi. Kipande kikubwa kikikaa katikati kinaweza kubana usinga wote kwa pamoja. Dalili zake: ganzi sehemu unayokalia baiskeli, yaani kuzunguka haja zote mbili na ndani ya mapaja, mkojo kukwama au kutoka bila kujua, haja kubwa kutoka bila kuhisi, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Ukiona hata moja, hata kama ni saa nane usiku, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, usisubiri kupambazuke, hapo masaa yana maana.

Kwa sasa tembea, hata dakika kumi mara tatu kwa siku, usikae zaidi ya nusu saa bila kunyanyuka. Mtoto mnyanyue kwa kuchuchumaa akiwa karibu na kifua, sio umenyoosha mikono mbele. Beseni la kufulia lipandishe juu ya stuli au meza. Ukilala kwa ubavu weka mto katikati ya magoti. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, hiyo ni dalili nzuri, neva inaachiwa, yakizidi kushuka chini punguza unachofanya.

Alafu nifanyie kitu kimoja kesho asubuhi. Vua viatu, shika ukuta, tembea hatua kumi kwa visigino tu, vidole vikiwa juu. Kisha kaa, inua dole gumba la kulia na la kushoto kwa pamoja, mtu mwingine ayasukume chini kwa kidole chake. Kama la kushoto linaanguka wakati la kulia linabaki juu, au unyayo wa kushoto unaburuza ukitembea, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hiihii useme "mguu umepungua nguvu", tumia maneno hayohayo, maana ganzi peke yake wanaweza kukuambia usubiri ila nguvu ikipungua hawatakiwi kusubiri. Kama yote mawili yanashika vizuri, niandikie tuanze mazoezi.